Maji Moto ya Mtambo wa Umeme: Kwa Nini Samaki wa Kwao Huyakimbilia na wa Kwetu Huyakimbia

Ukipenda kutazama video za uvuvi kwenye simu, siku moja utakutana na hii: mfereji wa zege huko Marekani, theluji kila upande, mvuke unapanda juu ya maji, na watu waliojifunika hadi puani wamepangana bega kwa bega. Kila mshipi unaotupwa ni kama unarudi na samaki. Nyuma yao yanaonekana mabomba ya moshi ya mtambo wa umeme. Mtu wa Mtongwe, Mombasa, ambaye kila akiinua macho huiona mitambo ya umeme ya Kipevu ng'ambo ya maji, ana haki ya kuuliza mambo mawili. Mbona sisi hatuna mfereji kama huo? Na mtambo mkubwa ukijengwa Pwani, je, nasi tutavua hivyo?

Swali la kwanza lina jibu fupi. La pili linahitaji subira kidogo, na ndilo lenye uzito, maana miradi mikubwa ya umeme imeshapigiwa hesabu Lamu na Kilifi, na maneno ya kuwatuliza wavuvi hayakosekani mradi unapotafuta kibali.

Tuanze na joto lenyewe. Mtambo wa makaa ya mawe au wa nyuklia huchemsha maji, mvuke ukazungusha turbini, na turbini ikazalisha umeme. Mvuke ukishafanya kazi yake lazima upozwe urudi kuwa maji ili uzunguke tena, na hapo ndipo joto jingi hupotea. Katika mtambo wa nyuklia, kwa kila sehemu tatu za joto, ni moja tu inayokuwa umeme. Mbili zilizobaki lazima zipelekwe mahali, na njia rahisi kuliko zote ni kuvuta maji ya mto, ziwa au bahari, kuyapitisha kwenye mabomba ya kupozea, kisha kuyarudisha yalikotoka yakiwa moto.

Ni maji kiasi gani? Hesabu yake si ngumu. Mtambo wa megawati 1,000 hutupa joto la karibu megawati 2,000. Kilo moja ya maji ya bahari huhitaji takriban kilojuli 4 kupanda nyuzi moja. Ukikubali maji yapande nyuzi 10, utahitaji karibu tani 50 za maji kwa sekunde. Wakazi wa Mombasa tunaojua bei ya boza la maji tunaweza kuliona hilo vizuri: maboza matano ya lita 10,000 kila sekunde, usiku na mchana. Huo ni mto, na tena mto wenye joto.

Sasa mwelekeze mto huo kwenye maji ya Januari ya New Jersey, ambapo bahari ina nyuzi 4 au 5. Damu ya samaki haina joto lake yenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji, na kwa kadirio la jumla kazi ya mwili huongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10. Katika maji ya nyuzi 4 samaki wengi huzubaa chini, hawali wala hawakimbizani. Chambo kikipita mbele ya mdomo hawana nguvu ya kukishika. Mpe samaki huyo maji ya nyuzi 14 na tumbo lake linaamka. Wadogo jamii ya dagaa hutangulia, kwa sababu ndio baridi huwaua haraka, kisha wanaowala huwafuata. Ndani ya wiki chache samaki waliotawanyika kilomita nyingi hujikuta kwenye mfereji ambao jiwe likirushwa hufika ukingo wa pili.

Wavuvi wa huko wana ujanja wao, na baadhi yake unapendeza. Hawatupi mshipi kwenye mdomo wa bomba. Hapo maji huwa na joto na kasi kupita kiasi, kwa hiyo samaki hukaa kwenye mpaka ambapo maji moto hukutana na baridi, akijipimia mwenyewe joto analolitaka. Kwa kuwa maji moto ni mepesi, mara nyingi hutanda juu, na mvuvi anayezamisha chambo chini kabisa anaweza kushinda pale bure huku mwenziwe wa pembeni anajaza ndoo. Halafu kuna hili ambalo mtu wa huku hawezi kulikisia: wanafuatilia matumizi ya umeme. Baridi ikikaza watu huwasha vipasha joto nyumbani, mtambo huongeza kasi, na maji moto huongezeka. Siku mbaya kuliko zote za kusimama nje ndiyo siku ya samaki. Mwishoni mwa wiki viwanda vikipumzika mfereji hupoa, na samaki wakapunguza kula.

Msongamano nao una sheria zisizoandikwa. Unatupa mshipi mbele yako moja kwa moja, hupindishi. Aliyenasa samaki mkubwa akipiga kelele, majirani huvuta mishipi yao ili isisokotane. Mgeni anayejipenyeza katikati ya watu wawili waliofika alfajiri huambiwa ukweli wake. Mvuvi wetu anayejua kutega malema bila kugusa ya mwenziwe hatahitaji kufundishwa adabu hiyo. Kwenye mitambo ya nyuklia, hata hivyo, nafasi zimepungua, kwa sababu baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ulinzi uliimarishwa na kingo nyingi zilizokuwa wazi zikafungwa.

Si samaki peke yao wanaoufuata ujoto huo. Florida kuna mnyama wa jamii ya nguva anayeitwa manatee, ambaye maji yakishuka chini ya nyuzi 20 kwa muda mrefu anaweza kufa. Mamia yao hukusanyika kwenye mifereji ya mitambo ya umeme kila msimu wa baridi. Karibu na Tampa, mtambo wa Big Bend una kituo ambacho tangu 1986 watu huja kuwatazama. Wanyama hawa sasa wamezoea mtambo kiasi kwamba kila mtambo wa zamani unapopangiwa kufungwa, wahifadhi huanza kuhangaika watakwenda wapi.

Hapo ndipo raha ya mfereji inapoanza kuonyesha upande wake wa pili. Mtambo wa nyuklia wa Oyster Creek, New Jersey, ulianza kazi Disemba 1969. Samaki waitwao menhaden, jamaa wa samaki wetu aitwaye simu, ambao majira ya baridi wangehamia kusini, walibaki kwenye maji yake moto. Januari 1972 mtambo ulizimwa. Maji ya mfereji yakarudi kwenye baridi ya bahari haraka kuliko miili ya samaki ilivyoweza kuvumilia, na menhaden wakafa kwa wingi. Mfereji ulikuwa umewashika pale: kuondoka ni kupita kwenye baridi inayoua, kubaki ni kutegemea swichi ya mtu mwingine. Mtambo ule ulifungwa kabisa Septemba 2018, na mfereji wake moto ukaisha nao.

Hata mtambo usipozimwa, maisha ya pale si ya starehe kama yanavyoonekana kwenye video. Samaki aliyeamshwa na joto anahitaji chakula kingi, na majira ya baridi chakula ni haba. Watafiti wamewahi kuwakuta samaki wa maji ya namna hiyo wamekonda, vichwa vikubwa, viwiliwili vyembamba. Na lililo kubwa zaidi kwangu ni kwamba mfereji hauzalishi samaki. Unawakusanya tu kutoka eneo pana na kuwaweka mahali pamoja panapofikika kwa miguu. Mtu anayehesabu ndoo zilizojaa ukingoni na kusema samaki wameongezeka anahesabu samaki walioondoka kwingine.

Wakati mwingine hata hao wa kwingine huisha. Ghuba ya Mount Hope, kwenye mpaka wa Massachusetts na Rhode Island, ilikuwa na mtambo wa makaa wa Brayton Point. Kuna samaki bapa wa kule, jamaa wa gayogayo, ambaye hutaga mayai majira ya baridi na huyataka maji baridi. Katikati ya miaka ya 1980, mtambo ulipoongeza maji uliyoyatumia, samaki huyo aliporomoka ghubani. Uvuvi wa kupita kiasi ulitajwa pia, na wataalamu walibishana miaka mingi juu ya nani alaumiwe zaidi. Mwishowe mamlaka ya mazingira iliulazimisha mtambo kujenga minara miwili ya kupozea, yenye urefu wa karibu mita 150 kila mmoja, iliyoanza kazi 2012 ili maji yazunguke ndani badala ya kumwagwa. Miaka mitano baadaye mtambo ukafungwa kwa sababu za kibiashara.

Turudi Kipevu, maana lile swali la kwanza lilikuwa na jibu fupi. Mitambo iliyojengwa pale miaka ya karibuni, kama Kipevu III ya 2011 yenye megawati 120, ni injini kubwa za pistoni zinazochoma mafuta mazito, ndugu wa injini za meli zinazotia nanga Kilindini. Sehemu kubwa ya joto lake hutoka na moshi. Joto linalobaki kwenye maji ya injini, katika mitambo ya aina hii, kwa kawaida hupozwa kwa rejeta na mafeni, sawa na kwenye lori ila kwa ukubwa mwingine. Mto wa maji moto haupo. Zamani Kipevu ilikuwa na mitambo ya mvuke, lakini hiyo ilishastaafishwa. Kwingineko nchini, mvuke wa Olkaria hupozwa kwa minara, mabwawa ya Tana hayachemshi chochote, na mashine za upepo za Turkana ndiyo kabisa. Gridi ya Kenya haijajengwa kwa aina ya mitambo inayotoa mifereji ile.

Sasa tuseme umejengwa. Mtambo wa megawati 1,000, nyuzi 10 juu ya maji yaliyopo, mdomo wake uko mahali fulani Pwani.

Bahari ya Mombasa haina Januari ya New Jersey. Kusi ikivuma kwa nguvu, kati ya Julai na Septemba, maji hushuka hadi karibu nyuzi 25. Huo ndio ubaridi wetu. Matlai ya Machi na Aprili, kaskazi imekatika na kusi haijaingia, bahari imelala kama mafuta, maji hupanda hadi nyuzi 29 au 30. Changu au tafi wa hapa hana siku hata moja katika mwaka anayozubaa kwa baridi. Anakula mwaka mzima. Hakuna tumbo la kuamsha.

Upande wa juu nao nafasi ni finyu. Samaki wa nchi za baridi amezoea kupita kwenye nyuzi 3 na nyuzi 25 ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo mwili wake una uwanja mpana. Samaki wa miamba ya tropiki amezoea tofauti ya nyuzi tano hivi, na tayari anaishi karibu na dari la uwezo wake. Oksijeni inambana vilevile. Lita moja ya maji ya bahari ya nyuzi 5 hubeba karibu miligramu 10 za oksijeni. Kwa nyuzi 28 hubeba sita na nusu hivi, na kwa nyuzi 36 chini ya sita. Joto linamtaka apumue zaidi na wakati huohuo linampunguzia cha kuvuta. Kwa hiyo zile nyuzi 10 zinazompeleka samaki wa New Jersey kutoka 4 hadi 14, zikamfurahisha, zitampeleka wa kwetu kutoka 29 hadi 39. Hata mtambo ukiwa ni uleule, skrubu kwa skrubu, kwake ni janga.

Haya si makisio ya kuogofya watu, kwa sababu bahari za joto zenye mitambo zipo na zimechunguzwa. Huko Kahe Point, kisiwa cha Oahu, Hawaii, watafiti wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuta kwamba pale maji ya mtambo yalipozidi ya kawaida kwa nyuzi 4 hadi 5 matumbawe yalikuwa yamekufa karibu yote. Palipozidi kwa nyuzi 2 hadi 4 yalikuwa yamepauka. Turkey Point, kusini mwa Florida, maji moto ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yaliua majani ya bahari katika Ghuba ya Biscayne, na kesi ikaishia kwa mtambo kuchimba mtandao wa mifereji ya ndani ili maji yapoe bila kurudi ghubani. Kichekesho ni kwamba mamba wa Amerika, aliyekuwa akitoweka Florida, aliipenda mifereji hiyo na akaanza kuzaliana humo. Maji moto yana wapenzi wake. Tatizo ni kwamba hayachagui wale ambao mvuvi anawataka.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Taiwan. Mwaka 1993, kwenye mdomo wa maji ya mtambo wa nyuklia wa Kuosheng, watu walianza kuvua samaki wadogo wenye uti wa mgongo uliopinda na macho yaliyotokeza. Hofu ya kwanza, kama unavyoweza kufikiri, ilikuwa mionzi. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye joto: vifaranga waliokaa katika maji yaliyopita nyuzi 37 miili yao haikuweza kujijenga sawasawa. Walioathirika walikuwa aina ya mkizi, na Terapon jarbua, yule samaki mdogo wa mistari myeusi iliyopinda ambaye watoto wa hapa humvua kwenye michanga na vijito vya mikoko. Ni spishi ileile iliyoko kwenye maji yetu.

Niwe mwadilifu hapa. Wapo watakaobaki. Mwatiko na mkizi huvumilia joto kuliko changu, na vifaranga wengi wa mikoko hustahimili madimbwi yanayochemka jua la mchana maji yakipwa. Kule Magadi kuna perege mdogo anayeishi kwenye chemchemi zinazopita nyuzi 40, ingawa yeye amejengwa kwa kazi hiyo kwa vizazi vingi. Pia mkondo wa mdomo wa bomba hutema samaki wadogo waliopoteza fahamu kwenye pampu, na kolekole au mzia anaweza kuja kuvizia hicho chakula cha bure. Mvuvi atakayepita siku ya kusi anaweza kabisa kunasa wawili watatu pale na kusema wataalamu ni waongo. Atakachokuwa hajakiona ni majani ya bahari yaliyokufa upande wa pili, na tafi waliokuwa wakiyala.

Mahali penyewe pana uzito wake. Baadhi ya mifereji ya Marekani humwaga kwenye mto unaokwenda upande mmoja. Port Reitz na Tudor ni hori: maji huingia na kutoka kwa mlango uleule. Wakati wa bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa Mombasa hupita mita tatu, na maji mengi husukumwa hadi bahari kuu. Wakati wa maji mafu msukumo huo hudhoofika, na kilichomwagwa asubuhi hurudi jioni. Weka maji mafu hayo ndani ya matlai ya Machi na utakuwa na joto linalojilimbikiza mahali ambapo samaki wadogo na kamba hulelewa kati ya mizizi ya mikoko. Pampu nazo huvuta tani 50 kwa sekunde pamoja na kila yai na kila kifaranga kilichomo. Wengi wao hawafiki upande wa pili wakiwa hai, kwa kipigo, kwa joto, au kwa klorini inayotiwa ili chaza wasikue ndani ya mabomba.

Matumbawe nje ya hori hayahitaji hata mtambo. Mwaka 1998 joto la El Niño liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya Pwani ya Kenya, yakiwemo ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa iliyotangazwa 1986. Nyuzi moja hivi juu ya kilele cha kawaida, ikikaa wiki kadhaa, inatosha kuyapausha.

Sheria inajua habari hii, kwa kiasi chake. Kanuni za ubora wa maji za Kenya za mwaka 2006, zilizosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya nchi, zilitaka maji machafu yasipishane na joto la maji yanayopokea kwa zaidi ya nyuzi 3. Miongozo ya Benki ya Dunia ina nyuzi hizohizo, ila inazipima kwenye ukingo wa eneo la mchanganyiko, yaani umbali fulani kutoka mdomo wa bomba, maji yakishapoa kidogo.

Mradi wa makaa wa Lamu, megawati 1,050, ulifutiwa leseni na Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira Juni 2019, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mradi wa nyuklia uliopangiwa Uyombo, Kilifi, jirani na Watamu na Mida, ulikutana na maandamano 2024, na baadaye macho ya serikali yakageukia Siaya, kwenye Ziwa Victoria, ambalo nalo halina majira ya baridi. Pendekezo jingine likija, iwe la gesi, makaa au nyuklia, litaletwa na ripoti nene, na ndani yake kutakuwa na sentensi kwamba ongezeko la joto halitazidi nyuzi 3.

BMU (kikundi kinachosimamia ufuo) ya diko husika, yaani mahali wavuvi wanaposhusha samaki, isiridhike na sentensi hiyo. Iulize nyuzi 3 juu ya nini: juu ya wastani wa mwaka, au juu ya maji ya Machi ambayo tayari yako karibu 30? Iulize ukingo wa eneo la mchanganyiko uko mita ngapi kutoka bombani, na kama mlango ambao samaki hupitia kuingia hori umo ndani ya eneo hilo. Iulize vipimo vilichukuliwa siku za bamvua au za maji mafu. Na kama mtambo utapozwa kwa minara badala ya maji ya kupita mara moja, basi sehemu kubwa ya makala hii haiuhusu, na wavuvi wana haki ya kuambiwa bei ya minara hiyo na sababu ya kuikataa.